Kaka anasema mimi ndiye niliyeikata kadi ya marehemu baba

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Pasiansi, Mwanza. Najua wengi wanakuandikia mambo ya ndoa na mikopo. Langu ni la kadi za mpira, ila limefika mahali ambapo kaka yangu mkubwa hapokei tena simu yangu.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya sitini alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, akakaa Manchester wakati ule ule Manchester United ilipochukua kombe la Ulaya, 1968. Alirudi na bati la biskuti lililojaa kadi za wachezaji, zile zilizokuwa zikiuzwa pamoja na jojo za kampuni ya A&BC. Humo yumo George Best, yumo Bobby Charlton, Denis Law, Bobby Moore na wengine ambao majina yao tulijifunza kabla ya kujua majina ya wachezaji wa Pamba. Kadi nyingine, Best akiwamo, hakuziacha kwenye bati. Alizipanga kwenye daftari la jalada gumu, pamoja na picha za magazeti alizozikata kwa wembe na rula, kila kadi imechomekwa kwenye vipembe vya karatasi alivyovigundisha mwenyewe. Tulilitazama daftari hilo Jumapili, tumenawa mikono, na hakuna aliyeruhusiwa kuchomoa kitu.

Alipofariki, kikao cha ukoo kiliniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha. Kadi tulikubaliana ziuzwe, tugawane. Mdogo wetu wa kike ndiye aliyesoma kwamba kadi za zamani zinapata bei zikishapangiwa daraja na kufungiwa kwenye kasha la plastiki. Binamu yetu aliyeko Texas akajitolea. Nikachagua zilizo nzuri, za kwenye bati na za kwenye daftari, nikazipiga picha kwa simu mbele na nyuma, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri. Binamu akazipeleka kwa kampuni moja kubwa ya huko na ada akalipa yeye.

Tulisubiri mpaka tukaacha kuulizana. Majibu yalipokuja, mjomba, nilikaa chini. Best, ambaye ndiye tuliyemtegemea, hakupewa namba kabisa. Wameandika kwamba kadi ni halisi lakini imebadilishwa, na kwenye akaunti ya binamu kuna maneno machache tu: dalili za kukatwa kingo. Charlton kapewa 3 kati ya 10, na mimi nikimtazama sioni hata mkunjo. Moore kapewa 7, tukafurahi, kumbe wamemkata binamu nyongeza ya ada kwa sababu eti thamani ya kadi imezidi ile aliyoijaza kwenye fomu. Yaani wakikupa daraja baya umepata hasara, wakikupa zuri unalipa tena. Law alipata 5. Binamu akaona si haki, akamtoa kwenye kasha akampeleka upya kampuni ile ile. Akarudi na 4. Kadi ile ile!

Kaka yuko Geita. Aliposikia habari ya Best akasema Wamarekani hawana sababu ya kuzusha, kwa hiyo ama nimeikata mimi nikitaka ipendeze, ama binamu amebakiza ya baba na kuturudishia mbovu. Ameshawaambia wazee wa ukoo. Dada anataka tuitume Best kwa kampuni nyingine ili tupate maoni ya pili. Mimi nataka nivunje hilo kasha, niirudishe kwenye daftari ilikotoka, yaishe. Na binamu anadai fedha zake. Anadai kistaarabu, lakini anadai.

Nifanye nini?

Mwenye Bati, Pasiansi

*

Marahaba, mpwa wangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee.

Nianze na kaka, maana kadi zimekaa zaidi ya miaka hamsini, zinaweza kukaa wiki nyingine. Isome tena barua yako. Umeandika kwamba mzee alikuwa akikata picha za magazeti kwa wembe na rula, na kwamba alitengeneza vipembe vyake mwenyewe vya kushikia kadi. Kisha, mistari kadhaa mbele, unashangaa kuambiwa kadi iliyotoka kwenye daftari hilo ina dalili za kukatwa. Mimi sisemi mzee aliikata. Nasema nyumbani kwenu kulikuwa na mtu mwenye wembe, rula na ukurasa wenye nafasi yenye mipaka, na mtu huyo si wewe.

Ukumbuke pia kadi hizi zilikuwa nini wakati huo. Ni kitu cha mtoto kilichokuja na jojo. Watoto wa Uingereza walizifunga kwa mpira wa kufungia, walizirusha ukutani kwa mchezo, walitia tiki kwa peni kwenye kadi ya orodha, na waliozipenda zaidi ndio waliozigundisha na kuzipunguza zikae vizuri kwenye albamu. Aliyepunguza ukingo wa kadi mwaka 1969 alikuwa anaitunza.

Sasa lifungue daftari mbele ya kaka, au mbele ya mtu atakayemwamini. Karatasi iliyokaa na kadi juu yake miaka hiyo yote haibaki na rangi moja. Palipofunikwa hupauka kivyake au hubaki peupe, na pembeni huwa njano, kwa hiyo Best atakuwa ameacha umbo lake kwenye ukurasa. Pima umbo hilo kwa rula, urefu na upana. Halafu pima kadi yenyewe kwa kuweka juu ya kasha rula inayoonyesha upande wa pili, bila kulifungua. Vipimo vikilingana, kadi ilikuwa na ukubwa huo tangu siku mzee alipoichomeka, na mashtaka ya kaka yamekwisha. Umbo likiwa kubwa kuliko kadi, basi mkono mwingine umepita baadaye, na hilo nalo ni bora mlijue mapema kuliko kulinong'ona Geita na Pasiansi.

Habari ya binamu kubadilisha kadi ni rahisi zaidi, maana ulipiga picha kabla. Zikuze kwenye simu. Kadi za wakati ule zimechapwa kwa vitone vya wino, na kila moja ina kasoro zake: kitone kilichotoka nje ya mstari wa fulana, doa la nta nyuma, kona moja iliyolainika kuliko nyingine. Linganisha kasoro tano au sita za picha yako na za kadi iliyomo kwenye kasha. Mtu anaweza kutafuta Best mwingine wa seti ile ile, ila hawezi kumpata mwenye madoa yale yale mahali pale pale.

Kuna jambo la tatu ambalo kampuni hizi huwa hazilielezi vizuri, na ndipo hasira za wakusanyaji wengi zinapoanzia. Kadi za zamani zilichapwa kwenye karatasi kubwa zenye kadi nyingi, kisha zikakatwa kiwandani kwa visu vilivyokuwa vikibutuka na marobota yaliyokuwa yakiteleza. Kwa hiyo kadi ambayo haijaguswa na mtu inaweza kutoka kiwandani ikiwa fupi kidogo au imekaa upande. Kadi za O-Pee-Chee za Kanada zinajulikana kwa kingo zilizochanikachanika tangu zinatoka kwenye pakiti. Mpanga daraja akiona ukingo mfupi hana ushahidi wa nani alikata wala lini. Anachofanya ni kukisia, na akikisia kwa tahadhari ataandika kama walivyoandika kwako.

Ukitaka kukisia mwenyewe, nenda kwa sonara yeyote mjini umwombe lenzi yake, ile ya kukuza mara 10. Tazama kingo zote nne. Ukingo wa kiwandani huzeeka pamoja na kadi: unakuwa njano kidogo na nyuzi zake zimelainika. Uliokatwa baadaye huwa mweupe zaidi, mkali, wakati mwingine umepinda kidogo pale wembe ulipopoteza mwelekeo. Ukiona kingo tatu zimezeeka na mmoja bado kijana, umepata jibu. Ila ukingo uliokatwa 1969 nao umeshazeeka, ndiyo maana nakwambia daftari lenu ni shahidi bora kuliko lenzi. Na usihangaike na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti waliyo nayo mawakala wa fedha. Inafaa kwa kadi za kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, maana karatasi ya zamani ile haing'ai chini yake na karatasi za baadaye nyingi zinang'aa. Kwa kadi ya miaka ya sitini haitakuamulia kitu.

Hukuitaja kampuni, umefanya vizuri, na nitakayosema yanahusu biashara nzima. Kaka yako anaamini Wamarekani hawana sababu ya kuzusha. Mwambie habari ya kadi ya Honus Wagner. Huyo alikuwa mchezaji wa besiboli, na kadi yake ya seti iitwayo T206, iliyotoka na sigara kati ya 1909 na 1911, ndiyo maarufu kuliko zote. Kampuni ya PSA ilipoanza kupanga madaraja mwaka 1991, kadi ya kwanza kabisa kuifunga ilikuwa Wagner mmoja mzuri ajabu, wakaipa 8. Mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Kisha mwaka 2013 Bill Mastro, dalali wa minada aliyekuwa ameimiliki zamani, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Kwa hiyo kadi ya namba moja kwenye historia ya biashara hii, iliyokatwa ili ipendeze, ilipita na 8, na ya mwalimu wa Mwanza imezuiliwa. Simaanishi waliokagua yenu wamekosea. Namaanisha neno lililo kwenye kasha ni maoni ya mtu aliyeinama juu ya meza, na kaka asilifanye ushahidi wa kumtia hatiani mdogo wake.

Wewe ni mtu wa Kanda ya Ziwa, kwa hiyo mambo ya madaraja huhitaji kufundishwa na Texas. Umeona pamba ikipelekwa kituoni, karani anaingiza mkono kwenye gunia, anatoa kiganja, anasema hii safi, hii fifi. Gunia lililoitwa fifi hapa laweza kuitwa safi kwa mnunuzi wa ng'ambo ya barabara. Lakini karani wa pamba yuko mbele yako. Unaweza kumwambia nionyeshe uchafu, naye ataonyesha majani na kokwa zenye madoa, mtabishana, na jirani atasikia. Na wazee wetu hawakuishia kubishana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walipochoka na mizani ya wanunuzi walijiunga kwenye vyama vyao wenyewe, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho la ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele. Mkusanyaji wa kadi hana karani wa kumkabili. Anapokea namba bila sababu. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la biashara hii, kubwa kuliko ada: 3 imeandikwa, lakini kwa nini ni 3 haijaandikwa popote. Kampuni nyingine, Beckett, kwa muda mrefu wamekuwa wakitoa namba nne ndogo pembeni, za picha kukaa katikati, kona, kingo na uso, angalau ujue ulikoanguka. Wengi hawafanyi hivyo.

Basi tumtafutie Charlton sababu sisi wenyewe. Mgeuze. Baadhi ya kadi za A&BC zilikuwa na sehemu nyuma ya kusugua kwa sarafu ili jibu la swali litokee, na sidhani mwalimu angeacha swali bila jibu. Kadi iliyosuguliwa inapunguzwa daraja hata kama uso wake unang'aa. Kama nyuma ni safi, zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu na uilaze pembeni karibu usawa na kadi, kisha izungushe polepole. Mkunjo mmoja usiovunja wino hauonekani kwa macho ya mchana, lakini hapo utatokea kama unywele. Mkunjo wa namna hiyo unaweza kuishusha kadi ya kupendeza hadi 3 au 4, kwa sababu kasoro mbaya kuliko zote ndiyo inayovuta namba, wala hawapigi wastani. Kwa kadi zilizokaa kwenye bati karibu na ziwa, zikivuta unyevu masika na kukauka kiangazi, nisingeshangaa.

Law aliyetoka 5 akawa 4 sina la kumsemea. Macho yale yale, siku nyingine. Wapo wanaovunja makasha na kutuma upya mpaka wapate namba wanayoitaka, na biashara inaishi kwa watu hao. Binamu aache.

Nyongeza ya ada kwa Moore ipo kwenye masharti ya kampuni nyingi, kwa hiyo binamu hakuibiwa. Lakini hasira yako nayo ina msingi. Ada inapanda kadiri thamani inavyopanda, na thamani inapandishwa na namba anayoitoa huyo huyo anayepokea ada. Ungemwona karani wa pamba analipwa zaidi kila akisema safi, usingemwacha peke yake na mizani.

Dada anataka maoni ya pili. Kwa Best, hapana. Kampuni nyingine ikiona ukingo ule ule itaandika yale yale, na mtakuwa mmelipa usafiri, bima na ada ili msomewe jibu mara mbili. Na msidhani kila jina ni mshindani: SGC, ambayo wapenzi wa kadi za zamani walikuwa wakiikimbilia walipochoshwa na PSA, ilinunuliwa mwaka 2024 na Collectors, ambao ndio wamiliki wa PSA.

Wewe nawe usivunje kasha sasa hivi. Kwanza ni mali ya mirathi na wewe ni msimamizi. Ukilivunja kabla ya kikao, kaka atapata hoja ambayo hana leo. Pili, pale walipokuudhi pana neno moja la faida: halisi. Kadi za Best za kuigiza zipo sokoni, na mnunuzi wa Uingereza akiona kasha linasema hii ni ya kweli, hata bila namba, anatulia. Wakusanyaji wengi wa kule wanatafuta kadi ya kujaza pengo kwenye seti yao, na wamezoea kuzinunua zikiwa wazi, bila kasha. Kwa hiyo zilizobaki kwenye bati zipigeni picha nzuri mziuze hivyo hivyo, seti kwa seti ikiwezekana. Moore auzwe na kasha lake, maana 7 kwa kadi ya umri huo ni namba nzuri. Charlton na Law bei yao haitabebwa na namba hizo, lakini msiwauze kwa huzuni, majina yao yanajibeba.

Itisha kikao. Weka mezani daftari, rula, picha za simu na makasha. Mpimie kaka mwenyewe, au bora zaidi mpe yeye rula apime. Kisha andikeni orodha ya kila kadi, namba yake ya kasha na picha yake, wote mtie saini, iingie kwenye kumbukumbu za mirathi. Mkikubaliana kwamba Best asiuzwe, abaki kwenye daftari, hapo ndipo kasha litafunguliwa, kwa kubanduliwa kwenye kona taratibu, bila nyundo. Nakwambia ukweli, mimi ningembakiza.

Zitoeni kadi kwenye bati, bati linashika kutu. Ziwekwe kwenye mifuko laini ya plastiki isiyonuka, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mbali na ukuta wa nje. Naftalini msitie.

Na kabla hamjagawana hata shilingi ya Moore, mrudishieni binamu ada zote, pamoja na hiyo nyongeza. Ile ya kumtuma Law mara ya pili aligharamia kwa uamuzi wake, hiyo mzungumze naye.